Nduthi Yako Inakumwaga Kwa Matope? Kabla Ulaumu Tairi, Jiulize Hili Swali

Mvua ikianza kudunda Kibera na Kawangware, kila steji ya boda iko na story moja tu: nani ameanguka na ameangukia wapi. Na ukiuliza kwa nini, majibu ni yaleyale matatu. Matope. Tairi. Ama "huyo msee hajui kuendesha."

Mi pia nilikuwa naongea hivyo. Nimechapa kazi ya nduthi miaka minne kabla niingie hii ya kuandika, steji yangu ilikuwa Olympic, na hizo miaka nimekula mwereka mara za kutosha. Lakini kuna moja haitoki kwa kichwa. Ilikuwa asubuhi ya Aprili, nimebeba mathe mmoja wa kuuza omena, gunia liko katikati yetu, tunateremka Gatwekera na spidi ya mtu anatembea kwenda kuteka maji. Sikuwa nimeshika breki. Sikuwa nimekata kona. Nduthi iliamua tu: mdomo ukaenda kushoto, mkia ukaja kulia, tukalala. Mathe akaumia kifundo cha mkono. Omena yote ikaingia mtaro.

Nililipa omena. Nikalipa picha ya mkono. Alafu nikaenda nikanunua tairi mpya ya nyuma, thao tatu na kitu, juu steji nzima ilisema ni tairi. Siku tisa baadaye nikaanguka tena, sasa nikiwa solo, pahali pengine kabisa, na mtindo ni uleule. Mkia kulia.

Ndio nikapelekwa kwa fundi mmoja wa Kawangware, pale chini ya 46, mzee wa maneno kidogo. Hakuangalia tairi kwanza. Aliniuliza: "Ilianza mbele ama nyuma? Na wakati huo mikono na miguu yako ilikuwa inafanya nini?"

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Na hilo swali ndio dawa yote, zingine ni spana tu.

Mambo iko hivi. Kwa lami kavu, tairi iko na mshiko mwingi mpaka inaficha makosa ya nduthi. Gurudumu likikaa upande, shingo ikikwama kidogo, breki ikishika vibaya, bado utafika tao na utasema mashine iko fiti. Kwa matope huo mshiko unaisha, na makosa yote yenye yalikuwa yamejificha yanatoka nje siku moja. Matope hayakuharibii nduthi. Yanakuchomea tu.

Wasee wa nchi za baridi wanajua hii kitu vizuri juu yao ni barafu. Wale wa Finland na Kanada wenye wanapanda zile pikipiki za magurudumu manne kwa theluji, hawaanzi na kununua. Wanaanza na kuuliza ni upande gani uliachilia. Na usifikirie ni ulimwengu mwingine. Mwaka wa 2022, Kalle Rovanperä, kijana wa Finland, alishinda Rally Sweden kwa theluji mwezi wa pili, alafu mwezi wa sita akakuja Naivasha akashinda Safari Rally kwa vumbi yetu ya feshifeshi. Msee mmoja, sakafu mbili za kuteleza. Kitu kinachekesha ni kwamba kule Sweden magari ya rally hutumia tairi nyembamba zenye misumari, juu tairi nyembamba inakata theluji laini inatafuta pahali pagumu chini. Kwa hivyo ile tairi yako nyembamba ya mbele si adui. Kawangware na Dagoretti udongo ni mwekundu, ukilowa unakuwa sabuni juu lakini chini yake mara nyingi bado ni ngumu. Tairi nyembamba yenye meno bado inaweza kufika huko chini. Kibera ni ngori zaidi, juu matope yamechanganyika na maji ya mtaro, makaratasi na mafuta ya kila aina.

Sasa turudi kwa swali. Mbele ama nyuma?

Tairi ya mbele ikiachilia, hupewi nafasi ya kufikiria. Usukani unakuwa mwepesi ghafla ni kama mtu amekunyang'anya, na next uko chini unaangalia mawingu. Ya nyuma ikiachilia, mkia unacheza kwanza. Utaiskia kwa kiuno kabla macho yaone, na mara nyingi unaweza kuiokoa. Kama hukumbuki, uliza abiria, yeye hukumbuka. Ama angalia alama kwa matope kabla watu wakanyage. Mstari wenye umeenda upande kwanza ndio huo.

Kama ulikuwa umeshika breki na mbele ikaenda, usianze na tairi, anza na dramu. Nduthi nyingi za kazi bado ziko na breki za dramu mbele na nyuma. Maji yakiingia humo, breki inalegea, unaongeza nguvu, alafu inakauka ghafla na inashika yote mara moja. Kwa lami utaruka kidogo. Kwa matope umelala. Kucheki ni bure: simamisha nduthi kwa stendi kubwa, mwambie msee akalie mkia ili mbele iinuke, zungusha gurudumu na mkono na ushike breki polepole sana. Kama inashika, inaachilia, inashika, inaachilia, hiyo dramu imekuwa umbo la yai ama ndani kuna uchafu. Fungua, panguza, angalia breki shuu. Angalia pia kama mafuta ya shoki ya mbele yanavuja. Yakiteremka mpaka kwa gurudumu, hapo unatafuta mshiko na tairi imepakwa oili.

Kama ni nyuma ilifunga, kuna kitu hakuna mtu huongelea: gambuti. Wakati wa mvua sote tunavaa gambuti, na soli yake ni nene, huskii pedali. Kama pedali imewekwa juu, mguu wako unakaa juu ya breki safari nzima na hujui. Dalili ni watu wa nyuma kukuambia "buda, taa yako ya breki haizimi." Shukisha pedali kidogo ukiwa umevaa hizo gambuti zenyewe, si viatu vya Jumapili. Na kuna wale wa kutoka gia ya tatu mpaka ya kwanza kwa mteremko, wanaachilia klachi mara moja. Hiyo pia ni breki, hata kama hukugusa breki.

Kama ulikuwa unapiga mafuta, sanasana kwa mlima, na nyuma ikazunguka bure alafu ikaenda upande, sasa tairi inaweza kuwa mshukiwa. Lakini cheki chaini kwanza. Chaini imelegea inavuta kwa mshtuko, tak, na huo mshtuko ndio unavunja mshiko. Ikiwa imekazwa sana nayo, kuna ngori ingine. Abiria akikaa, shoki inashuka na chaini inakazika zaidi, mpaka mkono wa nyuma unaobeba gurudumu unakataa kucheza. Tairi inaanza kuruka-ruka badala ya kukanyaga. Kwa nduthi nyingi za hapa, chaini inafaa kucheza sentimita 2 mpaka 3 katikati, juu na chini. Na uipime kwa sehemu kadhaa ukizungusha gurudumu, juu chaini mzee huwa imekazika pahali pamoja na kulegea pengine.

Shoki za nyuma pia. Wengi wetu tumezikaza mpaka mwisho ndio tubebe mizigo ya Toi. Sawa, lakini ukibaki solo kwa matope nduthi inakuwa ngumu kama benchi la kanisa. Na hakikisha kushoto na kulia ziko kwa notchi sawa. Nimeona moja iko ya kwanza na ingine iko ya nne, na mwenyewe anaapa ni barabara.

Kona ni kesi tofauti. Ukikata kona na nduthi inaanguka ndani haraka, angalia umbo la tairi. Tairi ya nduthi inafaa kuwa mviringo. Ile imekimbia lami ya Ngong Road miezi mingi inakwisha katikati, inakuwa bapa na inabaki na kona mbili. Ukiinama unapita juu ya hiyo kona, ni kama kushuka ngazi. Meno ya pembeni yanaweza kuwa bado yako, na ndio unadanganyika. Cheki pia umri. Kwa ubavu wa tairi kuna namba nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, hata kama haujatumika. Ukienda duka usiangalie bei tu, soma hiyo namba kabla utoe doh.

Alafu shingo. Hii inaua watu kimyakimya. Inua mbele tena, na vidole viwili zungusha usukani polepole kutoka kushoto mpaka kulia. Unafaa kuteleza bila kizuizi. Kama unaskia inaingia kwa shimo ukifika katikati, zile gololi za shingo zimechimba njia yao. Kwa lami hiyo shimo inakusaidia kwenda moja kwa moja, utafikiria ni uzuri. Kwa matope, balansi ni kurekebisha usukani kidogo kidogo, milimita hapa milimita pale, na shingo yenye shimo haiwezi kufanya kidogo. Inakwama, alafu inaruka. Shika pia miguu ya mbele kwa chini, vuta na sukuma. Ikisema tok tok, imelegea.

Kabla nirudi kwa nduthi yangu, wacha niseme ya presha, juu hapo ndio tunajidanganya zaidi. Kila mtu anapima na kidole gumba. Kidole gumba hakijui tofauti ya tairi imejaa na tairi imejaa kupita kiasi. Presha ya mbele na ya nyuma hazifanani, na ya nyuma inapanda ukiwa na abiria. Namba ziko kwa stika ya nduthi ama kwa kitabu. Tairi imejazwa kama jiwe inagusa chini na sehemu ndogo, na kwa matope unataka iguse zaidi. Lakini usikuje kuniambia nilikuambia utoe upepo wote. Tairi ya tubu ikiwa laini sana inazunguka peke yake juu ya rimu na inavuta tubu. Angalia ile valvu: inafaa kusimama wima kutoka kwa rimu. Ikiwa imelala upande, tubu imeshaanza kuvutwa, na siku moja itakatika ukiwa kwa spidi. Punguza kidogo tu wakati wa matope, na urudishe ukirudi kwa lami. Geji ya kupima ni bei ya chapo na madondo za siku chache.

Sasa mimi. Sikuwa nimeshika breki, sikuwa nimepiga mafuta, sikuwa kwa kona, na nyuma ndio iliachilia. Nikamwambia fundi hivyo. Alitingisha kichwa ni kama ashajua, akatoa uzi mrefu.

Nduthi ikiwa imesimama wima, aliufunga nyuma ya tairi ya nyuma, akauvuta pande zote mbili mpaka mbele, ukigusa ubavu wa tairi ya nyuma. Tairi ya mbele ni nyembamba kidogo, kwa hivyo pande zote mbili kunafaa kubaki nafasi ndogo, sawasawa. Kwangu uzi wa kushoto ulikuwa unagusa tairi ya mbele. Wa kulia ulikuwa na nafasi ya kidole kizima. Akaenda kwa nati za kukaza chaini. Ya kulia ilikuwa imevutwa nyuma notchi mbili kuliko ya kushoto.

Nilijua saa hiyohiyo ilitoka wapi. Wiki chache kabla omena imwagike nilikuwa nimepata pancha, msee akatoa gurudumu, akaziba, akarudisha, akakaza na jicho. Kuanzia hapo gurudumu la nyuma lilikuwa linaangalia kulia huku mimi naangalia mbele. Nduthi ilikuwa inatembea upande kama mbwa wa mtaa. Kwa lami mikono yangu ilikuwa imezoea kuirudisha bila mimi kujua. Kwa matope ya Gatwekera mshiko wa kuirudisha haukuwepo, kwa hivyo mkia ulienda tu pahali gurudumu lilikuwa linaangalia. Kulia. Mara ya pili, kulia tena.

Na dalili zilikuwa hapo kitambo. Sproketi ya nyuma ilikuwa imekwaruzwa upande mmoja wa meno, inang'aa. Tairi mzee, ile nilitupa, ilikuwa imeisha upande mmoja. Mabega yangu yalikuwa yanauma jioni na nilifikiria ni baridi. Fundi alinionyesha pia usiamini zile alama za mkono wa nyuma peke yake, juu kwa nduthi imeshaanguka mara kadhaa mkono wenyewe unaweza kuwa umepinda. Uzi haudanganyi.

Akamalizia kwa kushika tairi ya nyuma na kuitingisha kushoto kulia. Ikicheza gurudumu peke yake, ni beringi za gurudumu ama spoku zimelegea. Ikicheza pamoja na mkono, ni bushi za mkono. Zangu zilikuwa sawa. Bado alizigonga spoku moja moja na spana, akiskiza. Zenye zimekazwa zinalia, yenye imelegea inasema dud.

Si kila saa ni nduthi, pia tuseme ukweli. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndio mbaya kuliko zote, juu lami imekunywa oili na dizeli na vumbi miezi, na dakika za kwanza vyote vinapanda juu. Ukiona rangi za upinde kwa maji ya Naivasha Road, hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Reli ya Kibera nayo, ikilowa, ndio barafu yetu. Chuma na mpira na maji. Ivuke ikiwa imekatana na wewe wima, hata kama itabidi uzunguke kidogo, na usishike breki wala kupiga mafuta ukiwa juu yake. Ukiivuka kwa mshazari tairi ya mbele inafuata reli na wewe unafuata tairi. Rangi ya zebra ni hivyohivyo.

Na mwavuli. Najua unaleta wateja wakati wa mvua, lakini ni tanga. Upepo ukiupata kutoka upande, uzito uko juu kabisa, na kwa matope huna kitu cha kushikilia chini. Mzigo wa nyuma ndio rafiki yake: ukifunga mitungi ya gesi nyuma ya ekseli, mbele inakuwa nyepesi na usukani unaacha kuuma. Hiyo utaikosea tairi ya mbele, utanunua mpya, na bado itateleza. Sogeza mzigo mbele, ama punguza. Abiria nao, sheria inasema mmoja, na kwa mteremko wa Gatina wakati wa mvua sheria na matope wanakubaliana.

Kwa hivyo ukiteleza, usiende duka kwanza. Keti chini dakika tano, jibu lile swali, alafu anza na vitu vya bure: presha, valvu, chaini, uzi, shingo. Tairi ikuje baadaye. Kwa msee mwenye nduthi ni ya loni na M-Pesa inaondoka kila jioni, thao tatu si kitu ya kubahatisha. Na siku nzima ukiwa keja na goti limefura, loni haijui.

Fundi wa 46 alinitoza soo mbili. Alinyoosha gurudumu, akakaza chaini, akaniambia nirudi baada ya wiki ndio apime tena na uzi. Hiyo masika iliyobaki nilishuka Gatwekera kila siku na sikuanguka tena hapo. Mathe wa omena mkono ulipona. Bado ananisalimia nikipita, anaulizia mama yangu, lakini mpaka wa leo akienda Gatwekera na gunia lake anatembea.